Logi ya namba hasi, au jinsi domeini ilivyozaliwa kwenye ugomvi

Nilipotea kidogo, majaribio yalibana, na UE nayo inanyemelea. Leo nawaletea historia badala ya umbea wa hosteli, mnisamehe. Kisa ni kwamba kwenye kozi yetu ya mbinu za kufundisha hisabati tumefika kwenye fanksheni, na desa linaloshikwa na kila mtu hapa linaanza na ile sentensi tuliyoikariri tangu kidato cha tatu: domeini ni seti ya thamani zote za x ambazo fanksheni inazikubali. Halafu zinakuja sheria. Usigawanye kwa sifuri. Usitafute kipeuo cha pili cha namba hasi. Ukifika kidato cha tano inaongezwa ya tatu, usitafute logi ya sifuri wala ya namba hasi. Baada ya hapo swali la "tafuta domeini" unalifanya huku unasinzia na maksi zako unazipata.

Sasa mimi nikaanza kujiuliza, hizi sheria aliziweka nani? Maana mwanafunzi akikuuliza kwa nini logi ya −1 hakuna, utamjibu nini? "Andika hivyo hivyo, itakuja kwenye mtihani"? Nikafukua, na nilichokuta ni kwamba wale wazee walioijenga kalkulasi hawakuwa na domeini kabisa. Walifanya kazi zaidi ya miaka mia moja bila hiyo, wakiwa na vichwa ambavyo sisi tukivipewa hata kwa wiki moja tungefuta sapu zote. Na siku walipogongana juu ya logi ya namba hasi, walibishana bila kugundua kwamba kila mmoja anazungumzia kitu tofauti.

Tuanzie mwanzo kidogo. Logi zilitoka kama chombo cha kazi. John Napier wa Uskochi alitoa majedwali yake mwaka 1614, na mwaka 1617 Henry Briggs akatoa logi za kizio cha kumi kwa namba 1 hadi 1000. Waliozihitaji walikuwa watu wa kupima nyota, mabaharia na wapima ardhi, watu wenye mizidisho mirefu ya kutia uchizi. Hakuna baharia anayezidisha umbali wa −5. Ukipenda unaweza kusema domeini ilikuwepo, ila hakuna aliyeiita hivyo: ilikuwa ni jedwali lenyewe. Kisichokuwemo kwenye jedwali hakipo. Wale tuliopitia vile vitabu vya majedwali ya tarakimu nne tunalijua hili vizuri, unaanza na 10 kule juu kushoto unaishia na 99 chini, na sijawahi kusikia mtu anauliza ukurasa wa namba hasi umechanwa na nani.

Mambo yalibadilika pale logi ilipotoka kwenye jedwali ikaingia kwenye fomula. Gottfried Leibniz, Mjerumani, mmoja wa wale wawili waliovumbua kalkulasi (mwingine ni Newton, na huo ni ugomvi mwingine wa siku nyingine), alianza kulitumia neno lenyewe fanksheni kwenye maandishi yake ya mwaka 1673. Kwenye kalkulasi, logi ya x inakuwa kile unachopata ukitafuta intigro ya 1/x. Na 1/x ni fomula. Fomula haina mlango wala askari getini. Ukiweka −3 inakujibu −1/3 bila kinyongo. Basi mtu yeyote anaweza kuuliza: kama 1/x inaikubali −3, kwa nini logi iikatae?

Mwaka 1712 Leibniz aliandika makala akisema kwamba uwiano wa 1 kwa −1 si kitu halisi, na sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba hauna logi. Rafiki yake Johann Bernoulli wa Basel, Uswisi, hakukubali. Wakaanza kuandikiana barua, mwaka 1712 na 1713, kwa heshima zote lakini hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja.

Hoja ya Bernoulli ilikuwa hivi. Ukitafuta difrensho ya logi ya x unapata dx/x. Ukitafuta ya logi ya −x unapata −dx kugawanya kwa −x, alama mbili za kutoa zinakufa, unabaki na dx/x ileile. Vitu viwili vyenye difrensho moja ni kitu kimoja, kwa hiyo logi ya −x ni sawa na logi ya x. Upande wake kulikuwa na hoja nyingine tamu zaidi: (−x)² ni sawa na x², kwa hiyo logi zao ni sawa, kwa hiyo 2 log(−x) = 2 log x, gawanya kwa mbili, umemaliza.

Hebu simama hapo kidogo. Hiyo hoja ya pili si mnaijua jamani? Ni lile kosa la kidato cha tano, lile ambalo walimu wanalizungushia wino mwekundu. Chukua log x² = 4, kizio ni kumi. Mwanafunzi anashusha ile mbili mbele, 2 log x = 4, log x = 2, x = 100. Anafunga daftari anaenda kula. Lakini −100 nayo ni jibu, maana −100 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 10,000, na logi ya 10,000 ni 4. Jibu limepotelea wapi? Limepotea pale aliposhusha mbili. Log x² inakubali kila namba isipokuwa sifuri. 2 log x inakubali namba chanya tu. Kwa macho zinafanana kama mapacha, lakini grafu ya kwanza ina mabawa mawili na ya pili ina bawa moja. Mwanafunzi amekata bawa bila kujua. Bernoulli yeye alienda kinyume chake, alilichukua lile bawa la kushoto akalibandika kwenye log x na kusema hili nalo ni lako.

Leibniz akajibu. Kwanza, logi ni kipeo: hakuna kipeo halisi unachoweza kuipa namba chanya ikatoa −1. Pili, kama −1 ingekuwa na logi halisi, nusu ya logi hiyo ingekuwa logi ya √−1, yaani namba isiyowezekana ingekuwa na logi inayowezekana. Na tatu, hapa ndipo niliposoma mara mbili, alisema ile kanuni ya dx/x inafanya kazi kwa namba chanya tu, usiitumie kwenye namba hasi.

Mnaona alichofanya? Alisema kanuni ina mipaka yake. Hakuwa na neno la kuiita, hakuwa na seti wala mishale, lakini wazo ni lilelile la domeini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sentensi muhimu kuliko zote kwenye barua zile, na karibu hakuna aliyeitilia maanani. Leibniz alifariki mwaka 1716, ugomvi ukabaki hewani, na barua zenyewe zilichapishwa mwaka 1745 tu.

Bernoulli alikuwa na mwanafunzi. Huyo mwanafunzi ni Leonhard Euler, aliyezaliwa Basel mwaka 1707, na sidhani kama kuna ukurasa kwenye vitabu vyetu vya mwaka wa kwanza usio na mkono wake. Hata kuandika f na x kwenye mabano ni yeye, mwaka 1734. Mwalimu wake Bernoulli alikuwa ameieleza fanksheni mwaka 1718 kuwa ni kiasi kilichoundwa kwa namna yoyote ile kutokana na kigeu na viwango visivyobadilika. Euler kwenye kitabu chake kikubwa cha mwaka 1748, Introductio in analysin infinitorum, akaendelea na njia hiyohiyo: fanksheni ni fomula. Ila aliongeza jambo linaloshangaza ukilisoma leo. Kigeu, anasema, kinachukua namba zote: chanya, hasi, nzima, sehemu, wiani na zisizo wiani, sifuri, mpaka namba za kufikirika. Zote bila kubagua. Akatoa na mfano wake, √(9 − z²).

Huo mfano umo kwenye kila desa! Sisi tunajibu kwa haraka: domeini ni kuanzia −3 hadi 3, renji ni 0 hadi 3. Euler anakiri kwamba ukiweka namba halisi hutapata kitu zaidi ya 3. Halafu anasema, lakini ukiweka namba za kufikirika, mfano 5√−1, kizuizi hicho hakipo. Jaribuni wenyewe. Ukiipiga kipeo cha pili 5√−1 unapata −25. Tisa kutoa −25 ni 34. Kipeuo cha pili cha 34 ni kama 5.83, imeshavuka 3. Kwa hiyo ungempa Euler swali la "tafuta domeini ya √(9 − z²)" angekutazama tu. Domeini ya nini? Fomula ni fomula, inakubali kila kitu.

Kwa kichwa hicho ndipo akaingia kuamua ugomvi wa mwalimu wake na Leibniz. Kwanza alikuwa amebishana kwa barua na Mfaransa d'Alembert, aliyekuwa anasimama upande wa Bernoulli, kati ya mwaka 1746 na 1748. Kisha akaandika makala kwa ajili ya Akademia ya Berlin, ya mwaka 1749, iliyotoka kwenye chapa mwaka 1751. Uamuzi wake ni mzuri sana. Kila namba, alisema, ina logi zisizo na idadi. Namba chanya ina moja iliyo halisi na nyingine zote ni za kufikirika. Namba hasi haina hata moja iliyo halisi. Logi za −1, kwa zile logi asilia, ni π√−1, 3π√−1, 5π√−1 na kuendelea, na zile zenye alama ya kutoa pia. Bernoulli kakosea, maana logi ya −1 si sifuri. Leibniz naye kakosea kudhani ile hoja ya nusu inaua kila kitu.

Na ile hoja ya difrensho? Euler aliipasua vizuri. Vitu viwili vyenye difrensho moja si lazima viwe kitu kimoja, vinaweza kutofautiana kwa namba isiyobadilika. Ndiyo ile +C mnayosahau kuandika na kukatwa nusu maksi. Tena ukichimba zaidi utaona grafu ya 1/x imekatika katikati pale kwenye sifuri, kwa hiyo hata ile C ya kushoto haina sababu ya kuwa sawa na ya kulia. Tunapoandika ln|x| + C kwenye intigro, zile nguzo mbili pembeni ya x ni kumbukumbu ya Bernoulli, ila imewekwa kwenye mipaka yake.

Lakini Euler hakukubali lile jibu la tatu la Leibniz, la kwamba kanuni inafanya kazi kwa namba chanya tu. Na hakulikataa kwa upole. Alisema jibu hilo, kama lingekuwa sahihi, lingetikisa msingi wa hesabu yote ya uchambuzi, kwa sababu nguvu ya hesabu hiyo ni kwamba kanuni zake ni za jumla, kwa kiasi cha aina yoyote. Yaani kwa Euler kuweka mpaka ilikuwa ni kuivunja nyumba. Siwezi kumcheka hata kidogo. Ni imani hiyo ya kwamba kanuni haina mipaka iliyomfikisha kwenye logi zisizo na idadi, kitu ambacho Leibniz na mipaka yake hakukiona.

Imani hiyohiyo ilimpeleka pengine pia. Kuna fomula 1/(1 − x) = 1 + x + x² + x³ na kuendelea bila mwisho. Weka x = ½ upande wa kushoto, unapata 2, na upande wa kulia unakaribia 2, safi. Weka x = 2. Kushoto unapata −1. Kulia unapata 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea. Kwa kanuni ya jumla hivi viwili ni sawa, na Euler alikuwa tayari kuukubali usawa huo na kuutafutia maana. Mpe hiyo mama muuza maandazi umwambie jumla ya hizo ni deni la moja, uone kama utatoka na kikapu.

Aliyefunga mjadala huu alikuja baadaye sana. Augustin-Louis Cauchy alikuwa anafundisha École Polytechnique kule Paris, chuo cha wahandisi, na alikuwa na kawaida ya kufundisha kwa ukali wa uthibitisho mpaka wanafunzi na wakubwa wa chuo wakalalamika kwamba ni mengi mno. (Wenye masikio mmesikia.) Mwaka 1821 akatoa kitabu cha kozi yake, Cours d'analyse, na kwenye utangulizi tu akasema waziwazi kwamba hatakubali hoja zinazoegemea ujumla wa aljebra. Fomula nyingi, alisema, ni kweli chini ya masharti fulani na kwa thamani fulani tu, na ni kazi ya mwandishi kuyataja masharti hayo. Ile safu yetu ya 1 + x + x² akaipa mpaka: x iwe kati ya −1 na 1, nje ya hapo haina jumla. Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu Leibniz aseme "kwa namba chanya tu", na sasa imekuwa sheria.

Kuanzia hapo mambo yalikimbia. Mwaka 1829 Dirichlet, Mjerumani, alitoa fanksheni inayotoa thamani moja kwa namba wiani na thamani nyingine kwa zisizo wiani, kitu ambacho hakichoreki kwa kalamu yoyote na hakikufanana na fomula yoyote waliyoizoea. Mwaka 1837 akaieleza fanksheni kwa kuanza na kipande cha mstari kutoka a hadi b, halafu kila x ndani yake inapewa y moja tu. Angalieni mpangilio umegeuka! Kwa Euler fomula inatangulia. Kwa Dirichlet kinachotangulia ni mahali. Dedekind mwaka 1888 akazungumzia seti na kupeleka kitu kimoja kwenda kingine, na mwaka 1939 lile kundi la Wafaransa lililojificha nyuma ya jina la Bourbaki likaiweka kwa lugha ya seti: fanksheni haijakamilika kama hujasema inatoka seti gani kwenda seti gani.

Na hapa hadithi inakuja kwetu. Baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957, nchi za Magharibi ziliingiwa na homa ya kubadilisha masomo ya hisabati, na lugha ya seti ikashushwa mpaka mashuleni. Mwaka 1962 walimu na wataalamu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa shule za Afrika. Warsha ziliendelea kwa miaka kadhaa, na vitabu vikaitwa Hisabati za Entebbe. Hiyo hisabati mpya ilipigwa vita, na Kenya iliondolewa mwaka 1981 kwa amri ya rais, wazazi walikuwa wanalalamika watoto wanajua seti lakini hawajui kujumlisha. Ila si vyote vilivyoondoka nayo. Yale mayai mawili yenye mishale, domeini kushoto na renji kulia, tuliyachora wote.

Sasa ndiyo maana nasema swali la "tafuta domeini" ni kiumbe cha ajabu. Kwa Bourbaki swali hilo halina maana, domeini hutafutwi kwa sababu umepewa tayari, ni sehemu ya fanksheni yenyewe. Kwa Euler nalo halina maana, fomula inakubali kila kitu. Sisi tumechukua fomula kwa Euler, masharti kwa Cauchy, jina na yale mayai kwa Bourbaki, tukachanganya kwenye sufuria moja. Swali lenyewe likisemwa kwa ukamilifu ni hili: ukiwa na fomula hii, na ukiwa umekubali kubaki kwenye namba halisi tu, ni seti ipi kubwa kuliko zote ambayo fomula haikwami? Mitihani haisemi hayo yote, na mwanafunzi anaishia kudhani mpaka umo ndani ya fomula kama mbegu ndani ya embe.

Mimi nikienda mazoezi ya ufundishaji nataka nianze na konda wa daladala. Abiria x, nauli ya kila mmoja ni ileile, mapato ni nauli mara x. Fomula itakujibu ukiweka abiria 2.5, itakujibu ukiweka −3. Konda hawezi kukubali. Nani kaweka mpaka hapo? Siyo fomula. Halafu niwape log x² na 2 log x bega kwa bega wachore grafu zote mbili, waone bawa linavyokatika kwa macho yao, ndipo niwaambie kulikuwa na mzee mmoja Basel alibishania bawa hilohilo mpaka barua zikaenda na kurudi mwaka mzima. Mwenzangu mmoja wa chumbani anasema nitamaliza vipindi viwili kabla sijafika kwenye sheria ya kwanza na mkaguzi atakuwa ameshaondoka. Inawezekana. Somo lenyewe ni dakika arobaini, na mimi historia ikinishika sijui kunyamaza.

Anayetaka zile hoja za Euler nimeziandika kwa mkono kurasa sita, anitafute jioni baada ya msosi. Kopi atajitolea mwenyewe, bumu halijaingia.